Wasps: Klabu iliyotwaa Ulaya mara mbili, ikazikwa na deni la miaka saba

JUMATATU ya Oktoba 17, 2022, watu 167 waliokuwa wakifanya kazi katika klabu ya raga ya Wasps nchini Uingereza waliambiwa kuwa ajira zao zimekwisha siku hiyo hiyo. Walikuwamo wachezaji wa timu ya taifa, makocha, wahasibu na watumishi wa kawaida wa ofisini.

Klabu hiyo ilikuwa na umri wa miaka 155. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa Uingereza mara sita na ubingwa wa klabu za Ulaya mara mbili. Miaka miwili tu kabla ya siku hiyo, Oktoba 2020, ilicheza fainali ya ligi kuu.

Ndugu msomaji unaweza kujiuliza, mkulima wa mahindi au mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana habari gani na raga ya Uingereza? Jibu ni kwamba Wasps haikufa kwa kufungwa uwanjani. Iliuawa na deni, tena deni la aina ambayo wafanyabiashara na wakulima wengi hujitwika kila msimu bila kulitazama vizuri.

Makala haya yanafuatilia safari ya klabu hiyo tangu ilipoanza hadi ilipofungwa, na kuangalia ni wapi hesabu zilipoharibika.

Ilianza kama mchezo wa jioni

Wasps iliundwa mwaka 1867 kaskazini mwa London, baada ya wanachama wa klabu moja ya Hampstead kugawanyika. Upande mmoja ulizaa klabu inayoitwa Harlequins, mwingine ukazaa Wasps, jina lenye maana ya nyigu. Enzi hizo ilikuwa kawaida kwa klabu kujiita majina ya wadudu na wanyama.

Inasimuliwa kuwa mwaka 1871, klabu zilipokutana kuunda Chama cha Raga cha Uingereza, Wasps ilialikwa lakini mjumbe wake akapotea njia na kwenda mahali pengine. Hivyo klabu hiyo ikakosa kuwa miongoni mwa waasisi wa chama hicho.

Kwa zaidi ya miaka 120 iliyofuata, raga ya wachezaji 15 ilikuwa mchezo wa ridhaa. Mchezaji hakulipwa mshahara. Alikuwa daktari, askari polisi, mwalimu au karani mchana, na jioni akaenda mazoezini.

Tangu mwaka 1923 Wasps ilikuwa na uwanja wake Sudbury, kaskazini magharibi mwa London. Haukuwa uwanja mkubwa, lakini klabu ilikuwa na mahali pake pa kukaa, na matumizi yake yalikuwa madogo kwa sababu hakukuwa na mishahara ya kulipa. Klabu ya namna hiyo ni vigumu kuifilisi.

Mishahara yaingia

Agosti 1995 mambo yalibadilika. Wakuu wa raga duniani waliamua kwamba mchezo huo uwe wa kulipwa. Kwa uamuzi huo mmoja, klabu zilizokuwa za marafiki zikageuka kuwa biashara zenye waajiriwa, mikataba na kodi.

Wasps iliingia katika biashara hiyo ikiwa na jina kubwa na uwanja mdogo. Mwaka 1996 iliunganishwa na klabu ya soka ya Queens Park Rangers chini ya kampuni moja, ikahamia Loftus Road, uwanja wa klabu hiyo ya soka. Sudbury ikaachwa, na baadaye ikauzwa.

Uwanjani matokeo yalikuwa mazuri mara moja. Chini ya nahodha Lawrence Dallaglio, Wasps ilitwaa ubingwa wa ligi katika msimu wa 1996/97, msimu wa kwanza wa raga ya kulipwa nchini humo.

Lakini kwenye vitabu vya hesabu, hatua iliyokuwa imechukuliwa ilikuwa nzito. Klabu iliyokuwa na nyumba yake ilikuwa imegeuka mpangaji. Mwaka 2001 kampuni iliyomiliki klabu zote mbili ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na mwaka 2002 Wasps ikahama tena. Safari hii ilikwenda High Wycombe, mji mdogo nje ya London, kuwa mpangaji wa klabu nyingine ya soka, Wycombe Wanderers.

Miaka ya neema

Kilichofuata ndicho kipindi ambacho mashabiki wa raga hawatakisahau. Chini ya kocha Warren Gatland, raia wa New Zealand, Wasps ilitwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu mfululizo, mwaka 2003, 2004 na 2005.

Mei 2004 ilikutana na Toulouse ya Ufaransa katika fainali ya Kombe la Heineken, ambalo ndilo lililokuwa kombe kubwa la klabu za Ulaya. Zikiwa zimebaki dakika chache, na matokeo yakiwa sare, Rob Howley aliupiga mpira mbele kando ya mstari. Beki wa Toulouse, Clément Poitrenaud, aliusubiri utoke nje. Howley akamuwahi, akauangukia na kufunga. Wasps ikashinda 27-20.

Mwaka 2007, chini ya kocha Ian McGeechan, ilitwaa tena kombe hilo kwa kuifunga Leicester 25-9 mbele ya watazamaji zaidi ya 81,000 katika Uwanja wa Twickenham. Mwaka 2008 ikaongeza ubingwa wa Uingereza, ambao ulikuwa wa sita.

Katika kikosi cha miaka hiyo alikuwamo Simon Shaw, mchezaji mwenye mwili mkubwa wa safu ya pili, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1973. Aliichezea Wasps kuanzia mwaka 1997 hadi 2011.

Sasa tutazame upande wa pili wa sarafu. Timu iliyojaza watu 81,000 kwenye fainali ilikuwa ikicheza mechi zake za nyumbani katika uwanja wa kuchukua watu wapatao 10,000, tena uwanja usio wake.

Klabu ya michezo hupata fedha kupitia njia kadhaa: viingilio, haki za televisheni, wadhamini, mabango ya matangazo, maegesho ya magari, pamoja na chakula na vinywaji vinavyouzwa siku ya mechi. Mwenye uwanja hufaidi zote, na siku zisizo na mechi hukodisha kumbi kwa mikutano na harusi. Mpangaji hupata kile ambacho mkataba wake unamruhusu tu.

Ni sawa na mkulima anayekodi shamba. Anaweza kuvuna magunia mengi kuliko jirani yake, lakini hawezi kupanda miti ya matunda, hawezi kuchimba kisima, na hawezi kuliweka shamba hilo dhamana benki. Mavuno ni yake, lakini ardhi inamnufaisha mwingine.

Mpango wa kujenga uwanja mpya katika eneo la uwanja mdogo wa ndege karibu na High Wycombe ulikwama mwaka 2011 baada ya halmashauri ya eneo hilo kuuacha. Mwaka 2012 Wasps ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu, na wakati huo huo ikawa karibu na kufilisika. Mwaka 2013 umiliki ukaenda kwa Derek Richardson, mfanyabiashara kutoka Ireland.

Nyumba kubwa mjini Coventry

Richardson na wenzake waliuona ugonjwa kwa usahihi. Klabu haiwezi kujitegemea bila uwanja wake. Swali likawa, uwanja upatikane wapi?

Jibu lilipatikana Coventry, mji wa viwanda vya magari ulioko zaidi ya kilomita 100 kutoka High Wycombe. Huko kulikuwa na uwanja wa kisasa uliofunguliwa mwaka 2005, wenye viti takribani 32,000, ukumbi wa maonyesho, vyumba vya mikutano, hoteli na kasino. Ulijulikana kama Ricoh Arena. Klabu ya soka ya Coventry City iliyokuwa ikiutumia ilikuwa imegombana na wenye uwanja kuhusu kodi ya pango, hata ikafikia kuhama kwa muda.

Oktoba na Novemba 2014 Wasps ilinunua hisa zote za kampuni iliyoendesha uwanja huo. Nusu ilikuwa ya Halmashauri ya Jiji la Coventry na nusu ya taasisi moja ya hisani. Bei ya hisa ilikuwa chini ya pauni milioni sita, jambo lililowafanya wengi waseme klabu imeokota dodo chini ya mnazi.

Lakini pamoja na hisa hizo Wasps ilirithi deni. Kampuni ya uwanja ilikuwa inadaiwa na halmashauri zaidi ya pauni milioni 13.

Mechi ya kwanza ilichezwa Desemba 21, 2014 dhidi ya London Irish. Walijitokeza watazamaji 28,254, na Wasps ikashinda 48-16. Kwa klabu iliyozoea watu elfu chache, siku hiyo ilionekana kama mwisho wa dhiki.

Wapo walioumia. Mashabiki wa zamani wa London na High Wycombe, waliorithishana mapenzi ya klabu kutoka kwa wazazi wao, waliona timu yao imehamishwa bila wao kuulizwa. Wengine hawakuifuata. Coventry nayo ilikuwa na klabu yake ya raga ya tangu mwaka 1874 na klabu ya soka yenye mashabiki wake. Wasps ilikuwa mgeni anayeanza kutafuta wateja upya, huku akiwa na duka kubwa kuliko alilowahi kuwa nalo.

Hatifungani ya mwaka 2015

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kutulia.

Mei 2015 Wasps ilikwenda kwa wananchi kukopa. Iliuza hatifungani katika Soko la Hisa la London na kupata pauni milioni 35. Fedha hizo zilitumika pamoja na mambo mengine kulipa deni la halmashauri na kurudisha sehemu ya fedha ambazo mmiliki alikuwa ameikopesha klabu.

Hatifungani ni mkopo ambao mkopeshaji si benki moja bali ni watu wengi, kila mmoja akiweka kiasi chake. Hii ililengwa kwa wawekezaji wadogo pia, na miongoni mwa walionunua walikuwamo mashabiki wa klabu. Iliahidi riba ya asilimia 6.5 kwa mwaka, na mtaji wote kurudishwa Mei 2022. Dhamana ilikuwa uwanja wenyewe.

Kwa wakati ule riba za benki nchini Uingereza zilikuwa chini sana. Mstaafu mwenye akiba yake aliiona asilimia 6.5 kuwa neema.

Tupige hesabu. Asilimia 6.5 ya pauni milioni 35 ni pauni 2,275,000 kila mwaka. Kwa miaka saba ni pauni 15,925,000. Hiyo ni riba peke yake. Baada ya kulipa yote hayo, deni la mwanzo linabaki pale pale, pauni milioni 35, na linatakiwa kulipwa lote kwa siku moja.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 kwa masharti hayo hayo. Kila mwaka unalipa shilingi 65,000, kiasi ambacho hakikuumizi. Mwaka wa kwanza unalipa, wa pili unalipa, unaanza kujiona mkopaji hodari. Mwisho wa mwaka wa saba umeshalipa shilingi 455,000, na bado unadaiwa shilingi 1,000,000 kamili.

Mkopo wa kawaida wa Saccos au benki hukatwa kidogo kidogo, riba pamoja na mtaji, kwa hiyo kila mwezi unaolipa deni linapungua. Mkopo wa aina ya Wasps haupungui. Unalala kwa miaka saba, kisha unaamka wote kwa pamoja.

Mkopo wa aina hiyo si haramu, na makampuni makubwa huutumia. Lakini anayeuchukua lazima afanye moja kati ya mambo mawili. Ama aweke akiba kila mwaka kwa ajili ya siku ya malipo, ama awe na uhakika kwamba siku hiyo ikifika atapata mkopeshaji mwingine wa kumkopesha ili amlipe wa kwanza.

Ili kuweka akiba, Wasps ilihitaji kupata faida. Badala yake iliendelea kutangaza hasara. Matumaini yote yakahamia kwenye njia ya pili.

Timu nzuri, hesabu mbaya

Mtu aliyekuwa akiitazama klabu kutoka jukwaani asingejua kama kuna tatizo. Wachezaji wenye majina walisajiliwa, kama Kurtley Beale wa Australia na Willie le Roux wa Afrika Kusini. Msimu wa 2016/17 Wasps iliongoza ligi, ikafika fainali na kufungwa na Exeter 23-20 katika muda wa nyongeza.

Ligi kuu ya Uingereza ina kikomo cha mishahara, yaani kiasi ambacho klabu hairuhusiwi kukivuka katika kuwalipa wachezaji. Lakini klabu nyingi zilikuwa zikitumia hadi karibu na kikomo hicho hata kama mapato hayakutosha, kwa hofu ya kushuka daraja. Mwenye fedha aliziba pengo kutoka mfukoni mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, wala si ya Wasps pekee.

Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya uwekezaji ya CVC ilinunua asilimia 27 ya biashara ya ligi hiyo, na klabu zikagawana mamilioni. Fedha hizo ziliziba mashimo kwa muda. Lakini sehemu ya mapato ya miaka ijayo ilikuwa imeuzwa, sawa na mkulima anayeuza mahindi yakiwa bado shambani ili alipe ada ya shule.

Corona yapiga hodi

Machi 2020 ugonjwa wa corona ulisimamisha michezo. Kwa klabu nyingine hilo lilimaanisha kukosa viingilio. Kwa Wasps ilikuwa pigo mara mbili, kwa sababu mpango wake mzima ulitegemea mikutano, maonyesho, hoteli na matamasha katika uwanja wake. Vyote vilifungwa.

Riba ya hatifungani haikufungwa. Iliendelea kudaiwa kila mwaka kama kawaida.

Fainali ya Oktoba 24, 2020, ambayo Wasps ilifungwa tena na Exeter kwa 19-13, ilichezwa Twickenham bila mashabiki. Miaka 13 nyuma katika uwanja huo huo walikuwa wamekaa watu 81,000.

Serikali ya Uingereza ilitoa mikopo ya kunusuru michezo, na Wasps ikapata takribani pauni milioni 14. Ulikuwa msaada, lakini ulikuwa mkopo. Klabu iliyokuwa inasubiri kulipa milioni 35 ikawa na deni jingine juu yake.

Mei 2022 ikafika. Siku ya kulipa hatifungani ilipotimia, fedha hazikuwapo. Klabu ilisema inatafuta mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza. Lakini mkopeshaji yeyote aliyeangalia vitabu vyake aliona biashara yenye hasara, iliyotoka kwenye corona, na yenye madeni kila upande.

Julai mwaka huo uwanja huo wa Coventry ulitumika kwa raga ya wachezaji saba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Timu za Kenya na Uganda zilicheza hapo. Wageni waliona jengo zuri lenye shughuli nyingi. Wenye jengo walikuwa tayari wamekiuka ahadi ya kulipa.

Pigo la mwisho halikutoka kwa wenye hatifungani. Lilitoka kwa watoza kodi, waliokuwa wanadai takribani pauni milioni mbili. Septemba 21, 2022 klabu ilitoa taarifa ya kusudio la kuweka wasimamizi wa ufilisi ili kujikinga. Oktoba 12 ilijitoa katika mechi iliyokuwa icheze na Exeter. Siku tano baadaye ikafungwa.

Nani alibaki na hasara

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika matanga ya Wasps, waliolia hawakuwa wale waliocheza ngoma.

Wachezaji wenye majina walipata klabu nyingine. Jack Willis alikwenda Toulouse, timu ile ile iliyofungwa na Wasps mwaka 2004, na mwaka 2024 akatwaa nayo ubingwa wa Ulaya. Lakini vijana wa akademi na watumishi wa ofisini hawakuwa na wakala wa kuwatafutia kazi Ufaransa.

Wenye hatifungani walibaki wakiutazama uwanja, dhamana yao. Novemba 2022 kampuni za uwanja nazo ziliwekwa chini ya wasimamizi, na uwanja ukauzwa kwa kampuni ya Frasers Group, ya mfanyabiashara Mike Ashley, kwa pauni milioni 17. Hiyo haifiki hata nusu ya milioni 35 zilizokopwa.

Klabu yenyewe ilishushwa daraja. Kampuni nyingine ilinunua jina lake na kuruhusiwa kurudi katika daraja la pili msimu wa 2023/24, lakini Mei 2023 chama cha raga kikaiondolea kibali baada ya masharti kutotimizwa. Klabu iliyokuwa bingwa wa Ulaya ikaambiwa ikitaka kurudi ianzie chini kabisa.

Wasps haikuwa peke yake. Worcester ilianguka Septemba 2022, na London Irish ikafungiwa Juni 2023. Ligi iliyokuwa na klabu 13 ikabaki na klabu 10 ndani ya msimu mmoja. Worcester ilirejea uwanjani mwaka 2025, katika daraja la pili.

Jirani aliyejenga kwa hatua

Mtu anaweza kusema tatizo lilikuwa corona tu. Tuitazame Exeter, ile ile iliyoifunga Wasps katika fainali mbili.

Exeter ilikuwa klabu ya daraja la chini. Iliuza uwanja wake wa zamani, na mwaka 2006 ikahamia Sandy Park, uwanja mpya ulioko pembezoni. Iliweka kumbi za mikutano mapema, ikapanda ligi kuu mwaka 2010, na majukwaa yakaongezwa kadiri watu walivyoongezeka. Mwaka 2017 ikawa bingwa wa Uingereza, na mwaka 2020 ikatwaa Uingereza na Ulaya kwa mpigo.

Exeter nayo iliumizwa na corona, na baadaye ililazimika kuachana na baadhi ya wachezaji wake wakubwa. Lakini ilibaki ligi kuu. Tofauti ni kwamba yeye alijenga vyumba vinavyolingana na familia yake. Wasps ilinunua ghorofa kwanza, kisha ikaanza kutafuta wa kukaa ndani.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, linganisha ratiba ya deni na ratiba ya mapato. Mkulima wa korosho hupata fedha mara moja kwa mwaka. Akichukua mkopo wa marejesho ya kila wiki atauza mbuzi ili alipe. Mwenye duka hupata fedha kila siku. Akichukua mkopo wa kulipwa wote mwishoni, atazila fedha kabla siku haijafika. Usiulize riba tu. Uliza ninalipa lini, na kila ninapolipa deni linapungua kwa kiasi gani?

Pili, kama deni lako linalipwa kwa mkupuo, fungua akaunti ya pembeni tangu mwezi wa kwanza. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miaka saba, kuweka shilingi 12,000 kila mwezi kunakupa 1,008,000 siku ya malipo. Usipoweza kuweka hizo 12,000 leo, hakuna muujiza utakaokupa milioni moja kwa siku moja.

Tatu, kukopa ili kulipa mkopo ni mpango unaotegemea hali nzuri ya siku moja ambayo huijui. Mkopeshaji hukukaribisha ukiwa na afya. Ukiugua, hufunga mlango, na huo ndio wakati unaomhitaji.

Nne, kodi isiwe deni la mwisho kulipwa. Wafanyabiashara wengi huwatanguliza wauzaji wa jumla na kuiacha kodi kwa sababu mtoza kodi hapigi simu kila asubuhi. Siku akija, anakuja na sheria.

Tano, ukiwa wewe ndiye mkopeshaji, usikopeshe kwa mapenzi. Wapo walioikopesha Wasps kwa sababu ni timu yao. Hapa kwetu pia hatifungani huuzwa kwa wananchi, na wafanyabiashara hutoa mali kauli kwa wateja wenye majina makubwa. Kabla ya kutoa, uliza biashara hiyo imepata faida katika miaka mitatu iliyopita au la. Kisha uliza dhamana ikiuzwa kwa haraka italeta kiasi gani, si ilinunuliwa au ilithaminiwa kwa kiasi gani.

Yapo makosa mengi ambayo Wasps haikuyafanya. Iliona mapema kwamba mpangaji hajengi utajiri, ikatafuta uwanja wake, na ikaupata kwa bei nafuu. Uamuzi wa kununua unaweza kutetewa hata leo. Kilichoiua ni namna ilivyolipia.

Msimu huu wapo watakaokopa kununua trekta, pikipiki ya mizigo au mashine ya kukoboa. Kabla ya kutia saini, chukua karatasi na uandike tarehe ya marejesho ya mwisho. Pembeni yake andika fedha hizo zitatoka wapi. Kama upande huo umeandika neno "nitakopa", rudisha fomu.